Abiria wa Kilo Sitini na Nane

Jumatatu, 6 Machi

Daftari hili ni la ukaguzi wa lifti. Kila siku napaswa kuandika ugonjwa wa lifti. Lifti haina ugonjwa kwa sababu niko mimi. Kurasa zimebaki tupu, basi naandika yangu. Herufi zangu ni kubwa kidogo. Anayeziona kubwa asisome.

Miaka thelathini na moja nimekaa kwenye kiti ndani ya lifti hii. Jengo lina ghorofa saba, ukihesabu na ya chini. Nimepandisha mawakili, madaktari wa meno, bibi harusi mmoja, na jeneza moja lililosimamishwa wima. Wote nimewafikisha. Juu ya mlango pana ubao wa taa nyekundu, unaonyesha ghorofa na uzito. Asubuhi nikiingia peke yangu unaandika 68. Wenzangu wamevimba, wengine wamekauka, wengine tumewazika. Mimi 68.

Leo balaa. Meneja wa jengo kaleta programu ya milango. Kila mtu atapewa kadi, na mlango utahesabu nani kaingia nani katoka. Shemeji yangu, mlinzi wa mlango mkubwa, kafurahi kama kapewa jengo lenyewe. Kazi hiyo nilimtafutia mimi kwa ajili ya dada yake, yaani mke wangu. Shukrani ya punda mateke.

Kaja fundi wa kompyuta, mwanamke mwenye miwani minene. Namwita Miwani. Kompyuta inayoendesha lifti iko stoo, chini ya ngazi, na ufunguo ninao mimi. Kaniambia humo ndani mna kitu kinacholeta programu pamoja na vitu zinavyovitegemea. Mimi nimekiita Karani. Hivyo vinavyotegemewa yeye anaviita maktaba. Nikamwambia maktaba ina vitabu, na mtu wa kukukataza kukohoa. Akacheka, akasema basi tuviite vifurushi.

Shida ni hii. Kuna kifurushi kinaitwa Hesabu, kazi yake kuhesabu ghorofa. Lifti inatumia Hesabu toleo la kwanza, ambalo ghorofa ya chini linaiita moja na ya juu kabisa saba. Milango inataka toleo la pili, ambalo ya chini linaiita sifuri na ya juu kabisa sita. Karani anakubali Hesabu mmoja tu nyumbani. Kagoma. Kaandika mstari mwekundu. Fahali wawili, zizi moja.

Miwani akafuata mnyororo wa nani anamtegemea nani. Akasema lifti haina ubishi, ina toleo jipya la kwake, ingepatana na milango leo hii. Mbishi ni kifurushi cha Kengele. Hicho hakitaki kusikia habari ya Hesabu mwingine ila wa kwanza, na aliyekitengeneza hapatikani. Kengele ikiondoka, wote wanaiva chungu kimoja.

Hapo nikasimama. Kengele ni yangu. Nilimwomba mwenyewe fundi wa zamani aiweke. Lifti ikifika inalia mara tatu, kama nilivyokuwa nikigonga kwa mkono enzi zile, halafu inasubiri nibonyeze kitufe cheusi ndipo mlango ufungwe. Bila Kengele mlango unajifunga wenyewe. Mlango ukijifunga wenyewe, mimi wa nini?

Meneja akasema, kwa upole wa mchinjaji, kwamba mwisho ni Ijumaa. Wasipopatana, Kengele inatoka na kiti kinakwenda stoo. Shemeji akauliza kama kiti hicho kinauma mgongo au ni laini.

Jumanne, 7 Machi

Nimesuluhisha ndoa kumi na moja, mbili zikiwa za watu waliokwisha kugawana vyombo. Nishindwe na vifurushi?

Shauri la kwanza. Nikamwambia Miwani amchukue Hesabu wa pili, juu yake aandike "wa kwanza". Karani atajuaje? Akasema Karani hatazami jina tu, anakagua kila herufi iliyomo ndani, ikizidi hata moja anajua kadanganywa. Nimeanza kumheshimu Karani. Mtu wa aina yangu.

Shauri la pili. Kila mmoja apewe chumba chake na Hesabu wake. Miwani akasema kwingine hufanyika hivyo, ila lifti na milango huzungumza kutwa nzima, mmoja anamwambia mwenzake yuko ghorofa ya ngapi. Huyu akihesabu kutoka moja na yule kutoka sifuri, hawatakuwa wanazungumzia jengo moja.

Nikamwuliza kama huyo Karani hana namna ya kuamrishwa. Akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa blauzi. Akasema neno la kumlazimisha lipo, mzee wangu, lakini anapobisha anakulinda. Ukimlazimisha atatii, halafu kitakachotokea hakimhusu tena. Akaniomba kwa heshima zote nisiguse kitu.

Saa saba mchana akaenda kula. Neno lilikuwamo kwenye daftari lake, kalipigia mistari miwili ya onyo. Bila mistari ile nisingeliona. Nikaliandika kwa kidole kimoja, herufi moja moja, nikitoka jasho.

Karani hakubisha. Kompyuta iliacha hata kuvuma. Nikasikia saa yangu ya mkononi. Kisha akaandika mstari mfupi, usio mwekundu: Sawa. Nimewaweka wote wawili.

Lifti ikaenda. Milango ikafunguka. Miwani aliporudi akatazama, akakunja uso, akasema haiwezekani. Nikamwambia hata wagomvi huchoka. Meneja kanipa mkono mbele za watu. Shemeji kajitia anafunga kamba za viatu. Siku njema sana.

Kitu kimoja tu. Nilipokuwa nafunga stoo nilisikia Kengele, mara tatu, juu. Lifti ilikuwa hapa chini mbele yangu, mlango wazi, imetulia.

Jumatano, 8 Machi

Saa nne asubuhi nilikuwa nje ya lifti, namweleza mleta barua nilivyompigisha magoti Karani. Mlango ukajifunga. Hakuna aliyebonyeza. Lifti ikapanda, ubao ukihesabu. Tano, sita, saba. Nikangoja ishuke.

Ubao ukaandika 8.

Herufi huweza kunichezea, tarakimu hazinichezei. Nane. Ikakaa huko muda wa mtu kuingia. Ikashuka. Kengele mara tatu. Mlango ukafunguka, ndani hamna mtu, na ubao wa uzito unasoma 68. Ikapita muda wa mtu kutoka. Ukasoma 0.

Mleta barua alisogea kando, kama unavyompisha mtu mlangoni. Nikamwuliza kampisha nani. Akasema hajui, miguu ndiyo iliyosogea. Kaacha barua zote kwa shemeji, hata za jengo la jirani.

Mchana akanijia Mama Cherehani, fundi nguo wa ghorofa ya saba, yule mwenye mguu mbovu. Nikajua kaja kulalamika. Sivyo. Kaja kunishukuru kwa kumbebea mzigo wa vitambaa asubuhi hadi mlangoni kwake. Miaka yote hii, akasema, leo ndiyo mara ya kwanza. Asubuhi mimi sikupanda kabisa. Lakini shukrani hairudishwi. Nikaipokea.

Jioni naaga. Shemeji akaniita kwenye meza yake. Kompyuta ya milango inasema wameingia arobaini na mmoja, wametoka arobaini, nami nikiwamo. Aliyebaki ndani ni wewe, shemeji, akasema. Nikamwambia mimi huyu natoka. Akasema ndiyo, umeingia mara mbili, unatoka mara moja, hata kutoka kwako ni nusunusu. Akacheka. Halafu akatazama korido nyuma yangu, akaacha.

Alhamisi, 9 Machi

Nimemsimulia mke wangu. Akasema huyo wa pili akishuka nisimlete nyumbani, mmoja amemtosha miaka arobaini. Akasema pia nimwambie Miwani ukweli kabla jambo halijaota mizizi. Nikamwambia mambo ya mitambo hayawezi. Akasema sikio la kufa halisikii dawa, akaendelea kukunja nguo.

Nimefanya uchunguzi. Sikutumia lifti. Si kwa woga, nilitaka kunyoosha magoti. Nikapanda ngazi hadi ya saba, kisha zile ngazi nyembamba za kwenda juu ya paa. Ufunguo ninao. Nikafungua.

Paa tu. Matangi mawili ya maji, kamba ya nguo, jua kali. Hakuna ghorofa ya nane. Hakuna hata mahali pa kuiweka. Nikajisifu kwa sauti.

Kengele ikalia. Mara tatu, juu ya kichwa changu, kama kwa mtu aliyesimama orofa moja juu yangu. Nikatazama. Mbingu. Nikasikia mlango wa lifti ukifunguka kule, na hatua za mtu anayevuta kidogo mguu wa kushoto. Mimi navuta kidogo mguu wa kushoto. Mara zikakoma, kama mtu aliyegundua anasikilizwa.

Nilishuka bila papara. Ngazi mbili nilizikosa, si jambo.

Chini nikakalia kiti changu. Kilikuwa na joto. Nikamwuliza shemeji kama kakikalia. Akaapa hajainuka mezani. Miwani kaniuliza nimeona nini huko juu mbona kijasho. Nikamwambia njiwa.

Ijumaa, 10 Machi

Leo ndiyo siku ya mwisho aliyotaja Meneja, na kiti bado kiko. Ningesherehekea, ila kuna jambo.

Asubuhi nilitoka kidogo barabarani kumweleza mpiga rangi viatu habari za ushindi wangu. Huku nyuma Mama Cherehani akaingia lifti peke yake, akabonyeza saba. Lifti ikaipita saba.

Kanisimulia mwenyewe, kashika ukuta. Mlango ulifunguka kwenye korido kama ya kwake, rangi ile ile ya kijani, milango ile ile, ila haina namba. Dirishani mwanga mweupe, barabara hakuna. Na mimi nimekaa kwenye kiti pembeni. Nikamwuliza kama ni mimi, aliogopa nini. Akasema: uliinuka ukanipisha. Ukaniuliza mguu unaendeleaje. Ukaniomba radhi kwa usumbufu, ukanirudisha chini mwenyewe. Nikajua si wewe.

Amekula kiapo hapandi lifti tena. Nimemwona akizipanda ngazi na furushi la vitambaa kichwani. Amepumzika mara tisa, nilihesabu. Iliniuma moyoni, sikatai. Lakini kilichoniuma zaidi ni yule. Eti adabu. Katika jengo hili mwenye adabu ni mimi, na asiyejua ni kwa sababu sina tabia ya kujionyesha.

Mchana Miwani akanisomea kumbukumbu za Karani. Kumbe anaandika kila anachoamrishwa na saa yake. Jumanne, saa saba na dakika thelathini na nane, kalazimishwa. Nikasema ni shemeji. Miwani akasema saa hiyo shemeji yako alikuwa mlangoni akiwagawia watu arobaini kadi. Akakitazama kidole changu. Nikakitia mfukoni.

Akasema Jumatatu anakuja kulifanya inavyotakiwa. Hakunigombeza. Bora angenigombeza.

Jumatatu, 13 Machi

Limefanyika.

Miwani aliwatoa watu wote kwenye lifti, akanisimamisha kando yake kama mwanafunzi. Akamwondoa Kengele. Akaweka lifti toleo jipya. Akamwacha Hesabu mmoja tu, wa pili. Karani akasoma, akapima, akakubali bila mstari mwekundu. Kabla ya kubonyeza mara ya mwisho Miwani akamwuliza shemeji orodha inasemaje. Shemeji akasema tangu Jumatano kuna mmoja hajatoka. Miwani akanigeukia. Akaniuliza, baba, una hakika huko juu hamna mtu? Kaniita baba. Nikamwambia hakuna huko juu. Akaniuliza tena. Nikajibu vile vile.

Akabonyeza.

Mlango ukajifunga wenyewe, taratibu, kama mtu anayefunga mlango wa mgonjwa. Lifti ikapanda kimya. Ubao ukafika 6, ukaishia hapo. Mama Cherehani akabembelezwa akapanda, akashuka kwake, akapiga kelele kutoka juu kwamba kafika salama. Watu wakapiga makofi. Mimi pia nilipiga, mikono ilikuwa baridi.

Kiti hakikwenda stoo. Kimekwenda kwa shemeji. Kakiwekea mto. Mimi nimepangiwa kusimama karibu na vyungu vya maua, niwaonyeshe wageni lifti ilipo. Lifti wanaiona.

Lakini sikula chumvi nyingi bure. Alfajiri, kabla Miwani hajaja, nilimnakili Kengele kwenye flashi. Binti yangu alinifundisha kunakili picha za harusi yake. Kifurushi na picha ni yale yale. Flashi iko ndani ya kofia.

Saa nne kamili, nimesimama kwenye maua, nikasikia tena. Mara tatu. Safari hii haikuwa sauti ya mtambo. Huko juu Kengele haipo tena. Anagonga kwa mkono, bomba la chuma kwa ufunguo, moja, mbili, kituo kidogo, tatu. Enzi zile mgongaji wa namna hiyo alikuwa mmoja tu mji mzima.

Nikamwuliza shemeji kama anasikia. Akasema anasikia mto wake ukimshukuru.

Jumanne, 14 Machi

Naandika nikiwa juu.

Asubuhi nilifungua stoo, nikachomeka flashi, nikamrudisha Kengele. Karani akagoma kwa mstari mwekundu mrefu kuliko wa kwanza. Nikamwandikia neno lile. Sikuhitaji daftari, nalijua sasa. Akasema sawa, akamrudisha na Hesabu wa kwanza.

Shemeji alipokwenda msalani nikachukua kiti changu. Mto nikamwachia. Nikaingia lifti, ubao ukasoma 68, nikabonyeza kitufe cheusi. Saba ikapita. Nilipanda nimeshika kiti mkononi. Mlango ulipofunguka mkono wangu ulikuwa mtupu, na yeye alikuwa amekikalia.

Kofia ile ile. Mguu wa kushoto kaunyoosha. Kwenye mapaja ana daftari la ukaguzi, ana herufi kubwa. Kazeeka kidogo kuliko mimi, nadhani.

Akainuka. Akaniambia karibu, mzee mwenzangu, nimegonga mpaka mkono umekufa ganzi. Akaniuliza Mama Cherehani mguu unaendeleaje. Akaniuliza mke hajambo. Hakusema mke wako.

Nikamweleza wazi. Kiti kimoja, wazee wawili, hapakaliki. Mmoja lazima aondoke. Nilitegemea ubishi, nilikuwa nimeukunja mkono. Akainamisha kichwa, akasema kweli. Akasema mimi nishuke, nina watu wananingoja, yeye abaki, kiti ni mbao tu na ngozi. Nikamgundua hapo hapo. Mtu hachagui hasara. Alikuwa anakitaka kiti.

Nikamwambia wewe ndiye utakayeshuka. Akaniuliza kama nina hakika. Nikasema ndiyo. Akaniuliza tena, kama Miwani alivyoniuliza jana, kwa uso ule ule wa huruma. Nikasema mimi sisemi mara mbili. Akaomba kadi, maana mlango wa chini hauruhusu mtu bila kadi. Nikampa. Mwenye kiti kadi ya nini?

Tulisimama wote wawili ndani ya lifti tukipeana mkono. Ubao ulisoma 68. Nilipotoka mimi nikageuka kutazama. 68. Ubao umeharibika, ndiyo matokeo ya kuniondoa kazini.

Akabonyeza kitufe cheusi. Akashuka.

Nimekikalia. Sauti zinapanda vizuri kwenye shimo la lifti, kila neno nalisikia. Kengele mara tatu huko chini. Shemeji kaanza kufoka habari ya kiti, halafu sauti ikashuka. Akasema shemeji, leo umeamka na nini, mbona unaniomba msamaha? Mama Cherehani kacheka kicheko ambacho sijawahi kukisikia. Halafu Miwani. Yule mwoga akamwambia kila kitu: neno, kidole, flashi. Akamwomba amwondoe Kengele kabisa, aivunje na flashi, asirudi tena. Miwani akasema ahsante, baba, nilijua ipo siku utaniambia. Shemeji akasoma orodha. Walioingia na waliomo, akasema, leo sawasawa, hakuna wa ziada.

Kisha Miwani akabonyeza, kompyuta ikaacha kuvuma.

Basi nimeshinda. Kiti changu, korido yote yangu, shemeji hafiki. Dirishani kweupe, kunatulia macho. Saa yangu inasema nne kamili. Nilipoanza kuandika ilikuwa nne kamili pia, betri hizi siku hizi hovyo.

Lifti haijarudi. Itarudi, watu hawawezi kuishi bila lifti. Nimepata bomba la chuma pembeni, nagonga kwa ufunguo wa stoo. Moja, mbili, kituo kidogo, tatu. Nikishuka nitakwenda kwa Karani moja kwa moja. Nimelifikiria sana jambo hili na kosa nimeliona, lilikuwa moja tu. Lile neno sikulibonyeza kwa nguvu ya kutosha.